Kuingia darasani kwa mwalimu wa sanaa wakati hulijui somo lake

Mwezi huu nimekaa vipindi vinne na mwalimu kijana wa Muziki, nikimwangalia anavyofundisha. Mkuu wa idara wa shule jirani akasikia, akaniomba nimwandikie nilivyofanya. Naandika kwa wote, maana shida yetu ni moja. Shule moja inaweza kuwa na walimu watano wa Hisabati, wanaangaliana wenyewe. Wa Muziki yuko peke yake, wa Lishe peke yake, wa Sanaa za Maonyesho ndiyo usiseme. Anayekuja kukuangalia karibu kila mara ni mgeni wa somo lako. Mimi nafundisha uchoraji. Solfa (ile do, re, mi) naijua ya kwaya tu.

Hatua ya 1: Omba ruhusa kwake, si kwa mkuu wa shule tu

Muulize: "Unataka nikuangalizie nini?" Akijibu "chochote", mwachie siku mbili afikirie.

Hatua ya 2: Chagua vipindi viwili vya mfululizo

Katika kipindi kimoja cha dakika 40, kumi zinaliwa na kugawa rangi na kutandika magazeti, nyingine kumi na kuosha brashi. Utatoka umeona usafi.

Hatua ya 3: Kaa

Kwenye ngoma wanafunzi wako kwenye duara, hakuna "nyuma ya darasa". Kaa ndani ya duara.

Hatua ya 4: Andika kilichotendeka, na hicho tu

Hapa ndipo nilipoumbuka. Miaka ya nyuma niliingia kwa mwalimu wa ngoma na fomu ya kawaida: matumizi ya ubao, sauti, nidhamu. Nikaandika: "Darasa lina kelele. Ubao haukutumika." Akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakunisalimia mpaka likizo. Na haki ilikuwa yake. Alikuwa anafundisha midundo miwili inayopishana, kundi hili linapiga mbili ndani ya muda ambao wenzao wanapiga tatu. Kelele zile ndizo zilikuwa somo.

Tangu siku hiyo natumia kaunta buku na penseli. Ukurasa naugawa kwa mstari. Kushoto saa na tukio. Kulia pabaki wazi mpaka jioni. Kushoto nimejipiga marufuku maneno "vizuri", "vibaya" na "hawakuelewa". Naandika hivi: "4:12 mwalimu anapiga mdundo mara tatu. Tisa wanapokea, watano wanamtazama jirani."

Usijaribu kufuata darasa zima. Chagua wanafunzi watatu: mwenye kipaji, wa kati, na yule wa pembeni ambaye huwa haulizwi. Zungusha macho kwao kila baada ya dakika chache, na utazame kwanza mikono yao inavyofanya, ndipo utazame kazi waliyoitoa. Kwenye uchoraji tazama pia macho: anautazama mtungi ulio mezani au karatasi ya rafiki yake? Michoro miwili inaweza kufanana kabisa, mmoja umeonwa na mwingine umeibwa.

Halafu hesabu kitu kimoja: mara ngapi mwalimu ameichukua kazi mikononi mwa mwanafunzi. Kwenye uchoraji ni kunyang'anya penseli na kumchorea. Kwenye Lishe ni kuchukua kisu. Kwenye maonyesho ni kuigiza mstari ili mtoto auige. Kwenye Muziki ni kuimba pamoja na darasa, kiasi kwamba hawezi kusikia nani kapotea. Hesabu hii haihitaji ulijue somo. Ila tenganisha: kuchora mfano kwenye kipande chake mwenyewe cha karatasi ni kufundisha, weka alama tofauti. Na siku ya kwanza ya chombo kipya au kisu kikali, usihesabu kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuhesabiwa mara 11 katika kipindi kimoja. Nilibisha, nikaonyeshwa saa.

Video siipendi. Simu ikiinuliwa, watoto wanaigiza na mwalimu naye anaigiza. Ruhusa natoa kwa Muziki tu, na ni sauti tupu: dakika moja mwanzoni, dakika moja mwishoni, kwa simu yake mwenyewe.

Hatua ya 5: Mazungumzo siku hiyohiyo

Chini ya mwembe, si ofisini. Msomee upande wa kushoto, kisha nyamaza. Ugeni wako utumie: "Mimi sijui hapa ulitaka wasikie nini, nieleze." Yule kijana alipoeleza, akasikiliza na ile sauti aliyorekodi kwa simu yake, akasema mwenyewe: "Kaka, naimba nao mno." Tukashika hilo moja. Lile la kuchelewa kuanza nililiona, nikaliacha. Makubaliano: aimbe mstari mara moja, afunge mdomo, aongoze kwa mkono.

Hatua ya 6: Karatasi ni yake

Mpe. Mkuu akitaka fomu, ijazeni pamoja, ninyi wawili. Kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) peleka tatizo, jina liache.

Hatua ya 7: Rudi ndani ya wiki moja, hesabu lile moja tu

Niliporudi niliandika: "5:03 mwalimu kanyamaza. 5:04 sauti mbili tu. 5:05 anashika kinywa kwa mkono. 5:07 safu ya dirishani yote inaimba, wa pembeni naye."

Alhamisi ni zamu yake kuja kwangu. Nimemwomba ahesabu penseli.