Namna ya Kuanzisha Chama cha Uandishi Kitakachodumu Baada ya Tamasha

Kila Januari, wanafunzi wa shule nyingi za upili jijini Nairobi hujazana ukumbini kujiandikisha katika chama cha drama, kwa kuwa tamasha iko karibu na kila mmoja anatumaini kupata nafasi katika basi la shule. Katika shule moja ya kutwa niliyofundisha mtaa wa Eastlands, tulianza muhula na wanachama zaidi ya arobaini. Wiki moja baada ya mchezo wetu kuondolewa katika ngazi ya kaunti ndogo, walibaki tisa. Nilipowauliza hao tisa kwa nini bado wanakuja, walinionyesha madaftari yao. Walikuwa wakiandika. Ninayoyaeleza hapa niliyajifunza kwao, nami ninamwandikia mwanafunzi anayetaka kuanzisha chama cha aina hiyo katika shule yake.

Mtafute mlezi kabla ya kutafuta wanachama. Mlezi anayekufaa ni mwalimu ambaye hubaki shuleni baada ya vipindi vya alasiri na ambaye atakubali kusoma kila kazi kabla haijaonekana hadharani. Si lazima awe mwalimu wa Kiswahili. Akikubali, mwandikieni mwalimu mkuu barua rasmi ya ukurasa mmoja, ipitie kwa naibu wake, mkieleza siku ya mkutano, chumba mtakachotumia, saa ya kumaliza, na kwamba wazazi hawataombwa fedha yoyote. Saa ya kumaliza ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi wa kutwa anayerudi Kayole au Dandora hupanda matatu wakati ule ule ambapo wafanyakazi wanatoka kazini, na mvua ikinyesha nauli hupanda na foleni ya magari haisogei. Mkutano unaovuka saa kumi na moja jioni utampoteza mwanachama huyo, hasa msichana ambaye mzazi wake anamtarajia nyumbani kabla ya giza. Katika shule ya bweni tatizo hilo halipo, ila msiingilie muda wa masomo ya jioni, kwa maana chama kikishalaumiwa kwa sababu hiyo mara moja, mwalimu wa zamu hatakisahau.

Chama kinahitaji vitu vichache: daftari moja kubwa lenye jalada gumu, karatasi za manila, gundi na kalamu za wino mzito. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, daftari hilo ndilo litakaloiweka kazi ya chama mahali pamoja. Kila mwanachama huandika humo nakala safi ya kazi yake, na katibu hulihifadhi kwenye kabati la mlezi.

Karatasi za manila ni za gazeti la ukutani, na gazeti hilo ndilo moyo wa mpango huu. Kila baada ya wiki mbili, bandikeni toleo jipya mahali ambapo wanafunzi husimama kwa lazima: karibu na foleni ya chakula cha mchana, au kando ya mifereji ya maji. Ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi haufai, kwa sababu hapo watu hupita haraka. Toleo moja libebe mashairi mawili, hadithi fupi moja isiyozidi ukurasa, na tukio moja la shuleni lililoelezwa kwa uangalifu. Msiongeze zaidi ya hapo. Mwandishi aliyemwona mwenzake akisoma kazi yake huku ameshika sahani mkononi atarudi mkutanoni wiki ijayo bila kuitwa.

Sasa nije kwenye saa yenyewe ya mkutano, ambapo vyama vingi huharibikiwa kwa kugeuza kila kikao kuwa hotuba ya mwenyekiti. Nusu ya kwanza iwe ya kuandika kimya, kila mtu na kalamu yake. Nusu ya pili, kazi mbili tu zisomwe kwa sauti, kila moja mara mbili, na msomaji wa mara ya pili asiwe mwandishi. Sikio la mwenzako hukwama pale ambapo jicho lako limezoea kupita. Katika mashairi ya arudhi, yaani yale yanayofuata kanuni za kimapokeo za utunzi, wasikilizaji wahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Chukua mshororo huu: «Matatu imeshajaa, konda bado aita.» Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani nane, lakini utao, kipande cha pili, una saba, na vidole vitasimama kabla ya wakati. Badilisha «aita» iwe «anaita», mshororo ukae sawa, na mwandishi atakuwa ameelewa kwa dakika moja guni, yaani shairi lenye kasoro ya arudhi, ni nini, jambo ambalo maelezo ubaoni huenda yangelichukulia kipindi kizima. Anayetunga shairi huru naye asidhani amesamehewa. Aulizwe kwa nini kila mshororo umekatwa pale ulipokatwa.

Suala la Sheng litazuka, na ni vyema mlikabili mapema. Vijana wa Nairobi huongea Sheng kwa ufundi, na mhusika wa hadithi ambaye ni utingo wa matatu akizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, hadithi itakuwa imekufa hapo hapo. Kanuni tuliyoifuata ilikuwa kwamba wahusika wazungumze kama wanavyozungumza mtaani, ilhali msimulizi atumie Kiswahili sanifu. Kanuni hiyo ilimlazimu mwandishi kufahamu ni sauti ya nani anaiandika katika kila sentensi, nayo ilimkinga dhidi ya kuchanganya mambo katika karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, ambako usanifu wa lugha hutuzwa alama.

Kuna jambo moja ninaloliomba kwa dhati. Mtu anapopewa karatasi tupu na kimya, huandika yanayomuumiza. Mtapata shairi kuhusu baba mlevi, au hadithi ambayo kila msomaji atamtambua mtu halisi ndani yake. Kazi ya namna hiyo isibandikwe ukutani kabla mwandishi hajaulizwa faraghani kama anataka ionekane, majina na mahali vikabadilishwa, na mlezi akaridhia. Ikiwa maandishi yanaonyesha kwamba mwanafunzi yumo hatarini, mhariri wa gazeti asiyajadili na wanachama. Ayapeleke kwa mlezi siku hiyo hiyo ili mwalimu wa ushauri nasaha ahusishwe. Kejeli dhidi ya mwalimu au mwanafunzi mwenzenu msiichapishe kabisa.

Tamasha haziachwi. Tamasha ya Kitaifa ya Drama, iliyoanza mwaka wa 1959 na ambayo sasa hujumuisha filamu, hufanyika kuanzia muhula wa kwanza, na mbali na michezo ya jukwaani ina nafasi ya mashairi na masimulizi. Tamasha ya Muziki, iliyoanza mwaka wa 1927, hufikia kilele chake karibu na likizo ya Agosti. Chama chenye daftari lililojaa hakihangaiki kutafuta mswada Januari: huchagua kazi iliyokwisha kusomwa, kukosolewa na kupendwa, kisha kuitafutia waigizaji na maleba. Katikati ya muhula wa pili mna Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ambayo ni fursa nzuri ya kuomba dakika kumi gwarideni ili wanachama wawili wasome kazi zao mbele ya shule nzima.

Mkipata ruhusa ya ziara moja kwa mwaka, nendeni Kenya National Theatre iliyoko barabara ya Harry Thuku, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1952, mtazame mchezo ukiigizwa na watu wazima wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanafunzi wa Eastlands wana pia matawi ya maktaba ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara, ambayo wanaweza kuyafikia bila kuvuka katikati ya jiji.

Uchaguzi wa viongozi uwe mwishoni mwa muhula wa pili. Muhula wa tatu ni wa mitihani ya kitaifa, na watahiniwa wanaoshikilia vyeo hadi Novemba huondoka na funguo, daftari na kila wanachokijua. Mwenyekiti na katibu wapya waongoze mikutano miwili huku wa zamani wakiwa wameketi nyuma, kisha daftari likabidhiwe mbele ya mlezi, na katika ukurasa wake wa mwisho katibu anayeondoka aandike mambo matatu tu: ni lini gazeti lilichelewa, kwa sababu gani, na ni mwanachama gani wa kidato cha chini anayepaswa kuombwa shairi wiki ya kwanza ya Januari.