Rangi ya Nje Hailindi Mzinga: Choma Alama Ndani

Juzi nilikaa katika ofisi ya kijiji kimoja wilayani Handeni. Uani kulikuwa na mizinga mitatu ya viunzi vya juu, yaani masanduku ya mbao yenye vipande vya mti vilivyolazwa juu ili nyuki wajenge masega chini yake, na wanaume wawili, kila mmoja akisema ni yake. Mzee aliyeibiwa alikuwa ameandika jina lake kwa rangi nyeupe upande wa mbele, juu ya tundu la kuingilia nyuki. Pale palipokuwa na jina palikuwa pamekwanguliwa kwa panga, kisha pakapakwa oili chafu. Mzee aliugeuza mzinga mmoja akatuonyesha jicho la mti kwenye ubao, akasema analikumbuka. Mwenzake akajibu kwamba mbao zote zina macho. Mtendaji hakuwa na pa kushika, na mizinga ikarudi kwa yule aliyekutwa nayo. Mzee aliondoka bila kuaga, na mimi moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimewaambia kuhusu alama tangu kabla ya masika.

Wafugaji wenzangu, jina la rangi upande wa nje si alama. Linamsaidia mpita njia kujua mzinga ni wa nani, na mwizi kujua pa kukwangua. Kosa hili naliona Handeni, naliona Kilindi, na hata kwa wanaotundika kwenye mikoko kule Pangani. Mtu anatumia fedha nyingi kutengenezesha mizinga kumi, halafu anashindwa kutenga asubuhi moja ya kuichoma alama.

Alama inachomwa kwa chuma cha moto, na inachomwa mzinga ukiwa mtupu, kabla haujatundikwa. Chukua nondo nyembamba ya milimita 6, ichongwe ncha, iwekwe kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu. Andika herufi mbili za kijiji, mbili za jina lako, kisha namba ya mzinga yenye tarakimu tatu. Kwenye sanduku herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 na kina kisichopungua milimita 2. Pima kwa rula, msikadirie kwa macho! Alama ya kina cha nusu milimita inatoka kwa msasa wa dakika tano, na nimeshaletewa mizinga ya namna hiyo na watu wanaoapa kwamba waliichoma.

Sanduku lichomwe sehemu tatu: nje upande wa nyuma, ndani kwenye kona ya sakafu, na chini ya sakafu. Mfuniko uchomwe upande wa ndani. Mfuniko peke yake hautoshi, maana ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa. Mwizi anachukua mfuniko wa mzinga mbovu anauweka kwenye wako, basi.

Sasa viunzi, na hapa ndipo karibu wote mnapokosea. Wezi wengi hawabebi sanduku. Wanakuja usiku na kijinga cha moto, wanang'oa viunzi pamoja na masega, wanatia kwenye ndoo na kuondoka. Baadaye viunzi vyako unavikuta kwenye mzinga wa mtu mwingine na huna la kusema. Kila kiunzi kichomwe namba yake. Usichome katikati upande wa chini, kwa sababu hapo nyuki watajenga sega na namba itafunikwa na nta. Usichome upande wa juu pia, kwa kuwa kila afunguaye mzinga ataiona. Choma kwenye ncha, upande wa chini, pale kiunzi kinapokaa juu ya ukingo wa sanduku. Ukingo huo ni unene wa ubao tu, kama sentimita 2, kwa hiyo tarakimu zisizidi sentimita 1 na nusu. Nyuki hawajengi hapo. Na ukichoma, usiguse upana wa kiunzi: ni milimita 32, na mkiunguza pembeni kiunzi kikapungua, nyuki wataunganisha masega.

Ukimaliza, acha mzinga wazi kivulini siku mbili, harufu ya moshi iishe, ndipo upake nta ya kuvutia nyuki. Ndani usipake rangi yoyote.

Halafu daftari. Andika namba ya mzinga, idadi ya viunzi, tarehe ya kutundika na mahali. Nakala moja ipeleke kwa mtendaji wa kijiji aigonge muhuri siku hiyo hiyo, siyo siku ya kesi. Piga picha ya kila alama kwa simu, rula ikiwa pembeni yake. Mkishaibiwa na mzinga ukaonekana, nendeni polisi na daftari na picha. Msimguse mtu. Nimeona kijana akipigwa kwa mzinga ambao baadaye ulijulikana kuwa wa baba yake mdogo.

Wapo wanaoogopa wizi wakaileta mizinga uani, nyuma ya jiko. Hapana. Nyuki wetu ni wakali, na watoto na mbuzi hawawezi kukimbia kama wewe. Manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, ikae mita 300 na nyumba na njia za watu. Kama eneo lina wezi sugu, kikundi kijenge kibanda cha nyuki chenye wavu wa chuma na kufuli, kinazuia na nyegere pia.

Kikundi kikichoma alama hivi, mizinga iliyoibwa huanza kurudi.

Ukikuta umeibiwa viunzi, usifungue mzinga asubuhi ile. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ujue nyuki wamechoma sindano nyingi usiku na bado wana hasira. Rudisha mfuniko taratibu, ziba nyufa kwa matope, ondoka. Ukiwavuruga tena watahama. Rudi siku ya tano, jioni, na moshi kidogo, utoe kiunzi kimoja cha majana, yaani watoto wa nyuki, ukielekeze kwenye mwanga. Tafuta mayai: ni vijiti vyeupe vidogo kuliko chembe ya mchele, vimesimama ndani ya matundu ya sega, kwenye kitako. Yai la nyuki huanguliwa baada ya siku tatu, kwa hiyo yai utakaloliona siku ya tano limetagwa baada ya wizi, na malkia yupo. Usipoliona, tazama kama kuna vikonyo virefu vya kulelea malkia vinavyoning'inia kwenye sega. Vikiwepo, funga mzinga, usiuguse kwa wiki tatu.