Tairi za snoo au za misimu yote? Kwa wenzetu mliofika Kanada juzijuzi

Ndugu zangu mliofika mwaka huu na gari mmeshapata, hii habari ya tairi imalizeni kabla snoo (theluji) haijaanguka, kwa sababu ikianguka ile ya kwanza tu kila gereji inajaa foleni na saizi yako unaambiwa imeisha.

Sasa wengi wanaponzwa na hizi zinazouzwa kama all-season, yaani za misimu yote, mtu akisikia hivyo anajua basi nimemaliza mwaka mzima. Hapana. Zile ni nzuri kwa joto, mvua na kabaridi kidogo, lakini hali ya hewa ikishuka chini ya digrii 7 hivi mpira wake unaanza kukakamaa na haushiki tena lami vizuri, hata kama snoo haipo kabisa. Tairi ya baridi, yaani hiyo ya snoo, mpira wake ni laini. Asubuhi ya baridi kali bonyeza meno yake kwa kidole gumba utaona yanabonyea kidogo, halafu inama uangalie kwa karibu, kila jino limechanwachanwa mikato myembamba kama uzi, hiyo mikato ndo inayong'ata snoo.

Kwa hiyo ukienda dukani usisikilize jina, angalia ubavuni. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, maana yake tairi imepimwa kwenye snoo ikafaulu. Herufi M+S (matope na snoo) peke yake zinaongelea umbo la meno tu, hakuna aliyeipima. Kuna aina ya tatu, all-weather, hii ina huo mlima na inakaa garini mwaka mzima, usiichanganye na all-season.

Sheria nayo inategemea uko wapi. Quebec ni lazima, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, na ukikamatwa faini ni dola 200 mpaka 300 bila kuhesabu gharama zingine. British Columbia barabara nyingi za milimani wanataka kuanzia 1 Oktoba, kule M+S wanaikubali ila meno yawe na milimita 3.5 au zaidi. Ontario hawakulazimishi, lakini tangu 2016 kampuni za bima zinatakiwa zikupe punguzo ukifunga tairi za baridi, kwa hiyo pigia bima yako simu uulize, hiyo ni hela yako.

Mimi ushauri wangu ni huu: uko Vancouver au katikati ya Toronto, barabara zinasafishwa mapema, unakaa apatimenti huna pa kuweka tairi zingine, chukua all-weather. Uko Montreal, Ottawa, Winnipeg, Edmonton, au unafanya shifti ya usiku unatoka saa kumi alfajiri kabla magari ya kusukuma snoo hayajapita, funga za baridi zenyewe, hapo usibane hela.

Na ufunge zote nne jamani! Ukifunga mbili za mbele tu, mbele kunashika nyuma hakushiki, unakanyaga breki kwenye kona mkia wa gari unazunguka unakuja mbele. Hata wenye fowili (gari inayovuta kwa magurudumu yote manne), fowili inakusaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya tairi.

Saizi iko kwenye stika ya mlango wa dereva, mfano 205/55R16, hiyo 16 ni rimu. Ukiweza nunua pamoja na rimu zake za chuma, mwanzoni inauma, ila kila msimu unabadilisha gurudumu zima badala ya kulipa fundi avue tairi na kuvalisha upya. Ukishafunga, tembea kama kilomita 100 halafu kaza nati tena.

Za mtumba kwenye mitandao ya kuuziana vitu kama Kijiji na Facebook Marketplace zipo na zingine ni nzuri tu, ila usome ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Pima meno, yakiwa chini ya milimita 4 achana nayo hata kama mwenyewe anakuapia, kwenye snoo hiyo ni sawa na kipara. Ikiwa na uvimbe au imezibwa ubavuni, usiichukue hata kwa bure.

Upepo pia. Kila joto likishuka digrii 5 au 6 unapoteza kama psi moja (kipimo cha presha ya upepo), kwa hiyo ulioujaza Septemba ukifika Januari umepungua sana, pima asubuhi kabla hujatembea.

Aprili joto likishakaa zivue, ule mpira laini kwenye lami ya moto unalika haraka sana. Ziandike kwa chaki, mbele kushoto, nyuma kulia, ili mwakani ujue ipi ya kuhamisha wapi, uzihifadhi mahali pakavu pasipo na jua.