Fildi ya taaluma za jinsia Tanga: barua iende wapi, na ukifika ufanye nini

Likizo ndefu ikikaribia, simu huanza: "Dada, nifanyie mpango wa fildi huko Tanga," yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo. Mwaka huu nimemsindikiza binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ofisi hadi ofisi. Nimeona niandike mara moja, nami nipumzike kurudia maneno yale yale. Mambo ya nauli na chumba cha kupanga mtayamaliza wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua kazi kabla ya ofisi

Wengi huanza kwa kuuliza ni shirika gani linapokea wanafunzi. Anza kwa kujiuliza unataka kuona nini. Ushauri wangu, na sitaubadilisha: omba upangiwe kata, usikae makao makuu ya halmashauri. Makao makuu utatoa fotokopi mpaka mwezi uishe.

Kwenye kata utaambatana na afisa maendeleo ya jamii, na kazi yake kubwa mojawapo ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Wakati wa kuhakiki vikundi ndipo utaona yale ya darasani yakitembea kwa miguu. Kikundi kimeandikwa cha akina mama wauza mkaa, wote wamesaini, lakini ukiuliza bei ya gunia la mkaa wanatazamana, kisha shemeji aliyesimama mlangoni anajibu.

Hatua ya 2: Barua

Hapa ndipo watu wanapopoteza wiki nzima, kwa hiyo someni taratibu.

Kuna barua mbili, na kila moja ina njia yake. Ya kwanza ni ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Hiyo inatoka chuoni kwenda kwa mwajiri moja kwa moja. Kwa Tanga mjini unamwandikia Mkurugenzi wa Jiji. Kwa Mkinga, Muheza au Pangani ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Usimwandikie mkuu wa idara, hata kama mnafahamiana. Barua itarudishwa ipitie juu.

Ya pili ni ya utafiti. Kama chuo kinataka urudi na mahojiano ya watu kwa ajili ya tasnifu, barua ya mafunzo haitoshi. Unahitaji barua ya kibali kutoka chuoni iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye atakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha inashuka kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Usiruke ngazi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukukaribisha vizuri, akakupa na kiti, kisha akakuuliza barua ya mtendaji iko wapi.

Binti yule alifika masijala na barua moja iliyochanganya yote mawili. Mama wa masijala aliisoma, akavua miwani. "Mwanangu, wewe ni wa mafunzo au wa utafiti?" Akajibu, "Vyote, mama." Akarudishiwa barua yake kwa upole, na safari ya kurudi chuoni ikaanza.

Mengine ya barua:

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo, barua ikipotea huna pa kushika.

Uliza faili liko kwa nani. Barua ikiingia masijala huwekwa kwenye faili, hupanda kwa mkurugenzi, naye huandika dokezo la kuishusha idarani. Ukiambiwa "bado", uliza kama limeshashuka. Jibu ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha.

Zifikishe mapema, Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na mwezi huo kila mtu yuko kwenye hesabu.

Ukitaka Dawati la Jinsia na Watoto, hiyo ni polisi. Barua yake iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, peke yake.

Barua pepe? Tuma ukipenda, lakini mimi naamini karatasi.

Hatua ya 3: Kuripoti

Fika asubuhi, vaa kwa heshima ya mji, shikamoo kwa kila aliyekuzidi. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa usinung'unike ofisini.

Hatua ya 4: Ukipangiwa vijiji vya mwani, fuata maji

Pwani ya Mkinga wakulima wa mwani wengi ni wanawake, na ratiba yao haiko ukutani. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana na mashamba yanafikika kwa miguu. Siku hizo mama yuko majini, kajifunga kanga kiunoni, anafunga mbegu kwenye kamba. Ukimfuata na hojaji unamharibia kazi. Ingia naye majini umshikie kamba, au subiri maji mafu mkae barazani.

Muulize kwa nini kotonii, aina ya mwani inayolipa kuliko ile ya spinosamu, siku hizi inamfia. Maji yakipata joto huoza. Dawa inayotajwa ni kupanda kwenye kina kirefu, lakini huko kunahitaji chombo na kujua kuogelea. Chombo ni cha nani, na nani alifundishwa kuogelea utotoni? Ripoti yako nzima inaweza kukaa juu ya maswali hayo mawili.

Hatua ya 5: Daftari

Nunua kaunta buku. Usirekodi kwa simu, hasa ukiwa dawati la jinsia au ustawi wa jamii. Simu huazimwa, huibiwa, hufunguliwa na wadogo zako. Usiandike jina, mtaa wala shule ya mtoto. Weka alama unayoijua wewe. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, usiipige picha hata kama afisa ameiacha mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inakuhusu hata wewe mwanafunzi.

Hatua ya 6: Saini

Logibuku, daftari la chuo la kazi zako za kila siku, isainiwe kila wiki, usingoje mwisho, kwa sababu msimamizi anaweza kwenda likizo au kuhamishwa. Mpelekee Alhamisi. Ijumaa mchana wengi wako msikitini, na wakirudi wana foleni ya watu waliowasubiri.