Mambo ya kuzingatia kabla ya kumleta nyumbani samaki wa manjano wa matumbawe

Katika ukoo wa Labridae, jamaa wa karibu wa pono, anayeanza kufuga ningemshauri achukue Halichoeres chrysus. Ni wa manjano iliyokolea mwili mzima, hazidi sentimita 12, na ni mpole. Ila makazi yake yatangulie, yeye afuate.

Cha kwanza ni mchanga. Taa zikizimwa, samaki huyu hujifukia mzima mzima akalala humo, na akishtuka mchana hukimbilia humohumo. Tandika mchanga laini wenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Kokoto zenye ncha humchubua, na kwenye michubuko ndipo bakteria hupenyea. Hata tangi la karantini, yaani la kumtenga samaki mgeni kwanza, liwe na bakuli la mchanga. Wengi hulisahau hili, kisha samaki anahangaika usiku kucha akitafuta pa kulala.

Siku za mwanzo huenda asionekane kabisa. Wangu alipojifukia nilidhani amekufa, nikatamani kuchimba. Tafadhali usimfukue! Mwili wake bado unafuata mapambazuko ya alikotoka. Mwache, atatoka mwenyewe kutafuta chakula.

Kifuniko nacho kiwe tayari, kwa kuwa hawa ni warukaji hodari. Upenyo ulioachwa kwa ajili ya waya wa hita unamtosha kutokea na kuangukia sakafuni. Wavu wa matundu madogo uliowambwa vizuri ndio salama.

Tangi liwe la lita 200 hivi, maji yake yamekomaa, maana yake amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zimeshuka hadi sifuri. Mara nyingi hilo huchukua wiki 4 hadi 6. Joto nyuzi 24 hadi 27.

Atakula minyoo bapa wanaosumbua matumbawe, jambo jema, lakini uduvi wa mapambo walio wadogo nao hawako salama. Mlishe kidogo kidogo, mara 2 au 3 kwa siku, na kabla ya kulipa omba umwone akila.

Angalia pia usiuziwe Coris gaimard mchanga, mwekundu wa chungwa mwenye mabaka meupe. Anapendeza sana, lakini akikua hubadilika rangi, hufika sentimita 40 na kupindua mawe. Uliza jina la kisayansi, kisha pima tangi lako kwa urefu wa samaki aliyekomaa.