SOMO: Jinsi ya kumpangia mzee MP3 (kile kimashine cha kusikilizia muziki) ya bei nafuu mpaka aitumie mwenyewe bila kuita mtu

Assalaam alaykum jamani, na wengine nyote hamjambo. Nimeahidi hili somo siku nyingi, leo nimepata wasaa niko barazani na upepo wa kusi unavuma, acha niliandike lote.

Mjomba wangu ni nahodha hapa Lamu, boti yake yaenda Faza na Kizingitini. Wanaoijua njia hiyo wanajua pale Mkanda, ule mkondo mwembamba, hupiti mpaka maji yajae, kwa hiyo kuna siku anakaa chomboni saa mbili tatu akingoja maji na hana la kufanya. Simu hataki kuimalizia betri kwa muziki kwa sababu ndiyo abiria wanayompigia na ndiyo ya M-Pesa, na mbele huko netiwaki ni ya kubahatisha, bando halikusaidii kitu. Nikamnunulia MP3 ndogo ile ya kubana kwenye shati, shilingi 1,200 tu, na tangu hapo nimeshawapangia wazee kama sita hapa mitaani kwetu Langoni na Mkomani. Kununua ndio rahisi. Kazi iko kwenye kupanga, na hapo ndipo wengi mnakosea halafu mnasema mashine mbovu.

HATUA YA 1: Kuchagua. Chukua yenye vitufe vya kubonyeza, usichukue ya kugusa skrini, mkono wenye maji ya chumvi na mafuta ya injini hauelewani na skrini. Iwe na tundu la memori kadi na tundu la hedifoni la duara la kawaida, na ikiwa na kaspika kake kadogo ni bora zaidi. Hiyo habari ya bluetooth kwa mzee mimi siipendi, inamaliza chaji na kuunganisha kwenyewe ni mtihani.

HATUA YA 2: Memori kadi. Nilinunua kadi ya 64GB mahali fulani kwa bei ya kutupa, nikajaza, nyimbo za mwanzo zikaimba vizuri, za mbele huko kimya kabisa, faili ziko na majina yake lakini ndani hamna kitu. Ilikuwa kadi ya 8GB iliyodanganywa ijiite 64. Sasa kadi yoyote mpya naipima kwanza na programu inaitwa H2testw kwenye laptopu, ni ya bure, inaandika kadi yote halafu inaisoma tena, ikisema kuna makosa rudisha dukani siku hiyohiyo. Na kwa kweli mzee hahitaji 64. Faili ya MP3 ya 128 kbps (hiyo ndiyo bitrate, kiasi cha data kwa kila sekunde) inakula karibu MB 1 kwa dakika, saa nzima kama MB 58, kwa hiyo hata 8GB ni zaidi ya saa 120 za muziki, na mawaidha ya sauti tupu ukiyaweka mono 64 kbps ni nusu ya hapo.

HATUA YA 3: Formati, yaani jinsi kadi inavyopanga faili ndani yake, iwe FAT32. Kadi za 32GB kushuka chini huwa zinakuja hivyo tayari, za 64 zinakuja na exFAT na hizi mashine za bei nafuu nyingi haziijui, inakwambia hakuna kadi na kadi iko ndani. Chukua 32 au chini yake, umemaliza.

HATUA YA 4: Kaseti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili ndilo linalonichoma moyo. Wazee wetu wana makabati ya kaseti, taarabu za harusini zilizorekodiwa na mtu aliyekaa karibu na mpiga udi, kasida za Maulidi, darsa za mashekhe waliokwisha kufa, na zote zinaoza kwa unyevu wa hapa kwetu. Marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, mwenyewe alizaliwa hapa Lamu, akafariki 2016, na kuna watu wana kanda zake za nyumbani ambazo hutazipata mtandaoni hata utafute mwaka mzima. Ikikatika imekwenda.

Basi fanya hivi. Tafuta redio kaseti inayozunguka vizuri, safisha kile kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe (ya kwanza yangu ilitoka rangi ya kahawia kama chai ya rangi). Kanda iliyokaa miaka ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kuicheza ili ijiachie. Waya wa jeki pande zote mbili, toka tundu la hedifoni la redio mpaka laptopu, sauti ya redio iweke chini halafu pandisha polepole, ukiangalia kwenye Audacity (programu ya bure ya kurekodi sauti) mistari isigonge juu, iache ifike -6 dB basi. Laptopu yenye tundu moja tu kawaida inapokea maiki peke yake, sauti inakuja imekwaruza, hapo nunua kadi ya sauti ya USB yenye line-in (tundu la kuingizia sauti toka redio). Kaseti ya C60 ni dakika 30 kila upande, ya C90 ni 45, hakuna njia ya mkato, lazima iimbe yote, wewe endelea na kazi zako. Ukimaliza toa MP3, chagua bitrate isiyobadilika, zile za kubadilikabadilika hizi mashine zinakosea dakika na ukisogeza mbele zinapotea.

HATUA YA 5: Mpangilio. Hii ndiyo roho ya somo. Mara ya kwanza nilimpa mjomba darsa ya kanda nne, jioni akanirudia, "Mwanangu, shekhe mbona kaanza kwa dua ya kufunga?" Nikaangalia, kwenye laptopu majina yamepangika sawasawa. Kumbe mashine nyingi za bei hii hazifuati majina, zinafuata faili ipi ilitangulia kuingia kwenye kadi. Kwa hiyo futa vyote, kopi folda moja moja, na ndani ya folda faili moja moja kwa zamu yake. Inachosha lakini inafanya kazi. Na majina pia uyape namba zenye sifuri mbele kwa zile mashine zinazofuata majina, maana bila sifuri baada ya 1 inakuja 10 na 11 kabla ya 2. Qur'ani ni sura 114, kwa hiyo anza 001. Majina yawe ya herufi za kawaida, ukiandika kwa herufi za Kiarabu nyingi zinaonyesha visanduku vitupu.

Halafu kuna hili nililolibuni mwenyewe na ninalisisitiza sana. Mzee haoni kile kiskrini. Faili ya kwanza ya kila folda weka sauti ya mtu anayemjua ikisema "hii ni Qur'ani", "hizi ni taarabu", "hii ni darsa". Sekunde tano tu. Akibonyeza kitufe cha kuruka folda anaambiwa yuko wapi. Ukirekodi kwa simu mara nyingi inatoka m4a, igeuze MP3 kwanza.

HATUA YA 6: Chumvi. Usiku mashine ilale kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tundu la chaji likianza kuota kijani, mswaki laini na spiriti, mashine ikiwa imezimwa. Isiachwe juani kwenye boti, betri inavimba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Shela: Kaka ahsante. Yangu ilianguka majini pale jeti nikaizika kwenye mchele siku tatu, ikawaka siku moja ikafa. Nilikosea wapi?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula, hata ikikauka inabaki ndani inaendelea. Maji ya bahari usiwashe wala usichaji, kimbia kwa fundi aifungue, atoe betri, asafishe kwa spiriti siku hiyohiyo.

Mama Watatu, Malindi: Mimi yangu ina tundu la Type-C lakini nikitumia chaja mpya ya simu ya mume wangu haichaji kabisa, na chaja ya zamani inachaji. Imeharibika?

Jibu: Haijaharibika dada. Hizi za bei nafuu nyingi zimenyimwa kile kirezista kidogo cha kuiambia chaja "nipe moto", kwa hiyo waya wa C kwa C unakaa kimya. Tumia waya wenye USB pana upande mmoja, ile chaja ya zamani itunze.

Kijana wa Matondoni: Bro voisi za WhatsApp za marehemu babangu nimezikopi, MP3 haizioni.

Jibu: Allah amrehemu. Hizo ni opus, aina nyingine ya faili za sauti, mashine haizijui. Zifungue kwenye Audacity au VLC uzitoe MP3. Na tafadhali zile za asili usizifute, weka nakala mahali pawili, kadi ni kitu cha kufa ghafla.

Mwana wa Shela: Na redio ya ndani haishiki steshoni.

Jibu: Chomeka hedifoni, ule waya ndio antena yake, hata ukitaka kusikiliza kwa spika uache umechomekwa.

Bi Mkomani: Mwanangu Mungu akubariki. Kwenye hizo folda za mjombako uliweka sauti ya nani?

Jibu: Shikamoo Bi. Ya mamangu, maana yeye ni dadake mkubwa na ndiye aliyemlea. Mara ya kwanza alipobonyeza, mama akasema "Mohamedi, hii ni Qur'ani", mjomba akaitika "naam" akageuka kutazama mlangoni.