Vuna kabla seli hazijapasuka: kukuza seli za CHO hadi kichujio cha kwanza

Aliyewahi kubangua korosho anajua: ganda likipasuliwa vibaya, yale mafuta yake yanayochubua mikono huingia kwenye kiini, na hakuna kuosha kutakakokirudishia weupe. Hapa Mtwara ninapowafundisha mafundi sanifu wa maabara, naanza na korosho, kwa sababu kosa lililonitesa mwanzoni mwa kazi hii lilifanana na hilo.

Tulikuwa tunakuza seli za CHO zinazotengeneza kingamwili, protini ya kinga inayotumika kama dawa. Tukasubiri siku ya 14 kwa kuwa ratiba ilisema siku ya 14. Siku hiyo seli hai zilikuwa chini ya nusu. Kichujio kikaziba ndani ya dakika chache, tukaweka cha pili, kikaziba, na mpaka jioni tulikuwa tunalaumu vichujio. Kosa lilikuwa ndani ya tangi, siku kadhaa nyuma. Seli ikifa hupasuka na kumwaga DNA inayovutika kama mlenda, protini zake yenyewe, na vimeng'enya vinavyoikatakata dawa unayoitafuta.

Seli za CHO asili yake ni ovari ya hamsta wa Kichina, zilizotengwa Marekani mwaka 1957. Mwaka 1987 dawa ya kwanza iliyotokana nazo, ya kuyeyusha damu iliyoganda, iliidhinishwa huko. Trastuzumab, inayotibu aina fulani ya saratani ya matiti, nayo hutoka kwenye seli hizi.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, gawa baadaye. Changanya sampuli na rangi ya tripani bluu kwa kiasi sawa, weka kwenye kioo cha kuhesabia, tazama kwa hadubini. Iliyokufa inaingiwa na bluu, iliyo hai inabaki ang'avu. Tuseme miraba minne mikubwa ina seli hai 160. Wastani ni 40; zidisha kwa 2 kwa sababu ya rangi, kisha kwa 10,000: unapata seli 800,000 kwa mililita. Unataka kuanza na mililita 100 zenye seli 300,000 kwa kila mililita? Unahitaji seli milioni 30, yaani mililita 37.5 za mbegu (zile seli ulizohesabu) na 62.5 za lishe mpya, kimiminika cha kukuzia. Mbegu ikiwa na seli hai pungufu ya asilimia 95, usiendelee nayo. Rudi kwenye chupa nyingine ya akiba.

Hatua ya 2: Linda usafi. Chachu ya uraka, ile pombe ya mabibo, inaweza kuongezeka maradufu kwa saa mbili hivi, na bakteria wengine kwa dakika 20. Seli ya CHO inataka karibu siku nzima. Mgeni mmoja akiingia jioni, asubuhi nyumba ni yake. Kwa unyevu wetu wa pwani adui mkubwa ni fangasi: maboksi ya karatasi ngumu yasiingie kabisa chumba cha seli, na maji ya trei ya inkubeta yabadilishwe kila wiki, yawe yaliyotakaswa. Maikoplazma, bakteria wadogo mno wasio na ukuta wa seli, ni suala jingine, kwani haifanyi lishe ionekane chafu na hadubini ya kawaida haiioni. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yake.

Hatua ya 3: Joto na hewa. Nyuzi 37, pH (kipimo cha uasidi) karibu 7, oksijeni asilimia 40 hivi ya kiwango cha hewa. Kwenye flaski, kabonidioksaidi asilimia 5. Mashine ya kutikisa iwe na betri ya akiba: umeme ukikatika, seli hutuama chini na kukosa hewa.

Hatua ya 4: Lisha kidogo kidogo. Hapa ndipo naomba subira yako. Ukimwaga glukosi nyingi kwa mara moja, seli hutoa laktati, ambayo ni asidi, pH inashuka, unaongeza besi, chumvi inapanda, seli zinachoka. Umeanzisha mwenyewe safari ya kwenda kwenye kichujio kilichoziba. Kuanzia siku ya 3, pima glukosi kila asubuhi na uiweke kati ya gramu 2 na 4 kwa lita. Mfano: tangi lina lita 2, kipimo kinasoma 2.5, unataka 4. Pengo ni gramu 1.5 kwa lita, jumla gramu 3. Kama akiba yako ina gramu 300 kwa lita, ongeza mililita 10. Basi.

Hatua ya 5: Shusha joto. Seli zikishakuwa nyingi, teremsha hadi nyuzi 33 hivi. Kuzaliana kunapungua, utengenezaji wa protini unaendelea, na uhai unarefuka. Baadhi ya koo za seli hazipendi hivyo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye flaski ndogo.

Hatua ya 6: Siku ya kuvuna huamuliwa na seli. Chora grafu ya asilimia ya seli hai kila siku. Mimi navuna kabla haijashuka chini ya 80, hata kama kingamwili ingeongezeka kidogo kwa kusubiri. Mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, si tunapoteza?" Tulipima pamoja: gramu chache alizotaka kuongeza zingepotelea kwenye vichujio na kwenye usafishaji.

Hatua ya 7: Tenganisha taratibu. Sentrifuji kwanza, mwendo usiwe wa kuzivunja seli. Kisha kichujio kinene cha tabaka, na mwisho cha mikromita 0.2. Soma shinikizo kila dakika tano na uandike. Likipanda ghafla, simamisha pampu, usiisukume. Yaliyochujwa yatunze kati ya nyuzi 2 na 8 hadi yaende kwenye safu ya Protini A, mrija wa usafishaji unaonasa kingamwili, na kwenye lebo, pembeni ya tarehe, andika asilimia ya seli hai ya siku ya mavuno.